Kanda Arobaini za Kindness

Kanda ilifika mezani kwa Ebenezeri ikiwa imetapika utumbo wote. Utepe ulikuwa umejisokota nje kama nywele za mtu aliyenyeshewa, na Yuditha, fundi cherehani wa mtaa wa pili pale Majengo, aliishika kwa vidole viwili kana kwamba ameokota panya.

"Shikamoo, Baba Daniel. Nimeiua?"

"Marahaba. Kaitafuna nani?"

"Redio ya mwenye nyumba wangu. Imeimba neno moja tu, halafu nikasikia krr, krr, krr."

"Si kosa la redio," alisema Ebenezeri, akiipachika puani miwani yake iliyofungwa kwa waya. "Ni mkanda wa raba umelegea. Na raba nzuri haziingii nchini, kwa sababu waliokaa huko juu wanajua kuagiza magari yao tu."

Ndivyo alivyokuwa. Kitu chochote kikiharibika, lawama aliipandisha ngazi kwa ngazi: kutoka kwenye skrubu hadi kwa muuza duka, kutoka kwa muuza duka hadi kwa diwani, kutoka kwa diwani hadi kwa waziri. Akishafika kwa waziri ndipo mkono wake ulipopata nguvu ya kukaza bisibisi. Shule aliishia darasa la nne. Redio alijifunza kwa kuzivunja na kuzirudishia, na sasa, akiwa na miaka sitini na minne, wenzake wote wamehamia kwenye simu, yeye amebaki na redio kaseti zake kama mlinzi wa ghala tupu.

Aliigeuza ile kanda. Juu ya karatasi yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu, mwandiko wa taratibu: *17/40. Kindness. Marangu.*

"Huyu ni nani?"

Yuditha alivuta kigoda, akakaa. "Ni binti wa kwetu kule juu. Si unajua mnada wa Mavuno?"

Ebenezeri aliguna. Alikuwa anaujua tangu hajaota meno. Siku ya Sikukuu ya Mavuno kila mtu hupeleka kanisani alichojaliwa, na baada ya ibada vitu hupigwa mnada hapo nje: mikungu ya ndizi, kahawa, majogoo, chupa za maziwa. Ukinunua unaweza kuondoka nacho, au unaweza kusema "nakirudisha," nacho kikauzwa tena na tena. Kuna jogoo mmoja wa miaka ya nyuma aliyeuzwa mara saba, akarudi nyumbani kwa mwenyewe akiwa mzima.

"Basi mwaka jana," aliendelea Yuditha, "huyu Kindness hakuwa na kahawa. Akaleta kikapu cha kanda arobaini, kaimba mwenyewe na gita. Mzee Filemon ndiye aliyekuwa akinadi. Akaninyooshea kidole: 'Dada mwenye kitenge cha njano, na wewe je?' Nikanunua kwa aibu. Sote tulinunua kwa aibu. Nikaitupa kwenye droo."

"Sasa imetokaje kwenye droo?"

"Nimesikia Jumapili ya wiki ijayo, kwenye Mavuno haya, analitoa gita lenyewe kwa mnada. Halafu anavuka mpaka pale Holili, kapata kazi ya dukani upande wa pili. Kaacha kuimba. Nikaona haya, Baba Daniel. Mtu anaachana na gita lake, na mimi nina kanda yake, sijui hata aliimba nini."

Aliposikia jina la Mzee Filemon, Ebenezeri alikuwa amekwisha kukunja uso. Lakini kazi ni kazi. Yuditha alipoondoka, aliunyoosha utepe kwa pamba na spiriti, akaukata palipotafunwa, akauunga kwa kipande cha selotepu chembamba kama ukucha, akauzungusha ndani kwa penseli. Kisha akaiweka kanda kwenye redio yake ya kujaribia, akabonyeza.

Gita lilianza. Halafu sauti. Ebenezeri akaibonyeza izime papo hapo.

"Mota imechoka," alijiambia. Sauti ilikuwa inakuja polepole mno, imejaa pumzi, kama ya mtu anayeimba huku hajaamka sawasawa. Alifungua redio, akabadilisha raba, akasafisha kichwa cha kusomea kanda, akaijaribu kwa kanda ya kwaya. Kwaya iliimba vizuri, mwendo wake uleule wa kukimbilia sadaka. Akairudisha kanda ya binti. Ikaja tena vilevile, polepole, kama ukungu unaposhuka kwenye migomba asubuhi na kuzifunika nyumba moja baada ya nyingine.

Basi ubovu haukuwa wa redio. Binti ndivyo alivyoimba.

Akaiacha iende. Nyuma ya gita kulikuwa na mvua inayopiga bati. Si ya kutengenezwa, mvua halisi ya Marangu, nzito, isiyo na haraka. Na juu ya mvua ile maneno yakawa yanarudi:

*Taratibu, ukungu, taratibu,*
*mama bado anapepeta maharage,*
*usimfunike kabla hajaniona.*

Bisibisi ilimtoka Ebenezeri mkononi.

Miaka minne ilikuwa imepita tangu Aikaeli afariki. Siku ile kifua kilimbana kule nyumbani Marangu, majirani wakakimbilia kwa Mzee Filemon, mzee wa kanisa aliyekuwa anashika ufunguo wa gari la usharika. Gari halikuwapo. Lilikuwa limekwenda kuchukua viti vya plastiki kwa ajili ya kikao cha viongozi. Aikaeli akapakiwa kwenye pikipiki, katikati ya watu wawili. Ebenezeri alipigiwa simu akiwa hapa hapa mezani, akatoka mbio, na alipofika hospitali walikuwa wamekwisha kumfunika. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena kanisa lile. Kwenye kihamba chake, shamba la ukoo, alipanda mara moja moja tu, akapalilia kaburi la mkewe pale penye migomba, akateremka Majengo kabla ya jua kuzama. Alikuwa amewalaumu wengi kwa miaka hiyo minne, kwa sauti kubwa, na hakuna aliyemjibu. Sasa binti asiyemjua alikuwa amelisema neno lake kabla hajalisema yeye.

Aliisikiliza kanda ile mara tano. Kesho yake Yuditha alipokuja kuichukua, hakuipata.

"Haijapona," alisema Ebenezeri.

"Mbona naisikia inaimba tangu kule kona?"

"Ndiyo nasema haijapona. Inaimba yenyewe. Njoo wiki ijayo."

* * *

Jumamosi alipanda Marangu. Hakuelekea kwenye kaburi kwanza kama desturi yake. Aliuliza njia hadi kwenye nyumba ndogo ya bati iliyo juu ya shule, akamkuta msichana wa miaka kama ishirini na mitatu amebeba mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, viatu vyake ni vile vizito vya wapagazi wa mlimani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ndiye unayeimba kama umeamshwa usingizini?"

Msichana aliutua mzigo taratibu. "Nani amekwambia naimba?"

"Namba kumi na saba."

Kindness alisimama akamtazama mzee yule mwembamba mwenye miwani ya waya. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Ile yenye mvua?"

"Kwani nyingine hazina mvua?"

"Mvua ni ya kumi na saba peke yake. Mimi sina mashine ya kunakili, baba. Redio ya marehemu babu ilikuwa na kitufe cha kurekodi, basi. Kila kanda nilikaa nikaimba upya, nyimbo zote sita, mwanzo hadi mwisho. Namba nne ng'ombe alilia katikati. Ishirini na mbili nilipaliwa nikakohoa. Namba moja nilikosea mwanzo."

Ebenezeri aliketi juu ya mzigo wa majani bila kukaribishwa. "Umeimba mara arobaini?"

"Mara arobaini."

"Kwa nini arobaini? Si hamsini, si mia?"

"Ya arobaini ilipoisha, redio ikafa."

Ebenezeri hakuwa amecheka kwa muda mrefu, na kicheko kilipokuja kilitoka na vumbi. Alipomaliza kukohoa alisema, "Na kwa nini usingeweka kwenye simu kama wenzako?"

"Niliweka. Mtu anasikiliza kidogo, anateleza kwenda kwa mwingine. Kanda huwezi kuiteleza, lazima ukae nayo." Aliinamia kucha zake. "Lakini na kanda nilijidanganya. Niliomba niimbe kwenye Mavuno ya mwaka huu. Mzee Filemon akaniambia, 'Binti yangu, kanda zako arobaini zilinunuliwa. Je, kuna hata mtu mmoja aliyekuja kukwambia amesikia wimbo mmoja?' Nikafikiri, nikaona kweli, hakuna. Mwaka mzima, baba. Wananisalimia, wananiuliza habari za ng'ombe."

"Wangesikilizia wapi? Uliwauliza kama redio zao ni nzima?"

"Kila nyumba ina redio kaseti! Nimeziona kwa macho yangu, juu ya makabati, zimefunikwa vitambaa vizuri vya kufuma."

"Zimefunikwa kwa sababu zimekufa!" Ebenezeri alipiga goti lake. "Anayefunikwa ni maiti, mwanangu. Redio nzima haifunikwi, inawashwa. Umewagawia watu mbegu, na mashamba yao yote ni mwamba."

Kindness aligeuka akazitazama nyumba zilizo chini ya shule. Ilionekana hilo halikuwahi kumpitia kichwani.

"Basi hilo gita usilitoe," alisema Ebenezeri.

"Nimekwisha kuliahidi madhabahuni. Mtu huahidi sadaka kisha akairudisha nyumbani? Na Jumatatu napanda mlima na wageni, safari yangu ya mwisho, nateremka Jumamosi. Jumapili Mavuno. Jumatatu naondoka."

Jambo likawa wazi kama nyota ya asubuhi. Siku nane. Ikifika Jumapili, na watu wakamtazama binti yule kwa macho yaleyale ya kumwuliza habari za ng'ombe, gita litakwenda, na yeye atakwenda, na ile sauti itabaki kwenye droo arobaini za Marangu kama dawa iliyokwisha muda.

"Nenda mlimani," alisema Ebenezeri, akiinuka. "Na usiniulize nakwenda wapi."

* * *

Alirudi Majengo, akafunga kibanda, akabeba bisibisi zake, chuma cha kuchomelea, chupa ya spiriti na kopo la maziwa ya unga lililojaa raba alizozikusanya miaka ishirini. Yuditha, alipoelezwa, aliandika kwenye grupu la wasap la akina mama wa usharika: *Mwenye kanda ya Kindness aseme. Fundi anapita kufufua redio. Malipo ni chakula.*

"Na uwaambie wasiseme neno kwa binti," Ebenezeri alimwonya. "Wala wasiambiwe waupende wimbo. Mtu akiambiwa asifu, hiyo siyo sifa, hiyo ni michango ya lazima ya mwenge."

Jumapili mchana akaanza. Nyumba ya kwanza, ya pili, ya tano. Kila mahali kisa ni kimoja: kitambaa kinaondolewa, vumbi linapulizwa nje, raba iliyooza inatoka kama uji, raba nyingine inaingia, kichwa kinasafishwa, na nyumba nzima inasimama kusubiri. Alilishwa mtori, supu nzito ya ndizi, mpaka tumbo likagoma. Kwa Mzee Isack, mwenye namba nne, ng'ombe aliyekuwa ndani ya kanda alipolia, ng'ombe wa nje akamjibu, na Mzee Isack akasema huo ndio wimbo wa kwanza katika maisha yake uliomtambua ng'ombe wake. Mwenye namba ishirini na mbili alidai kile kikohozi ndiyo sehemu tamu kuliko zote, na kwamba wenye kanda nyingine wamepunjwa. Namba thelathini ilikutwa imetandazwa juu ya shamba la maharage kufukuza ndege. Ebenezeri aliuokota utepe ule pande kwa pande, akaufuta, akauzungusha kwa penseli asubuhi nzima huku akiwatukana maafisa kilimo, ambao hawakuwa na hatia yoyote katika jambo hilo.

Kufikia Jumamosi mchana redio ishirini na sita zilikuwa zinaongea. Lakini je, watu waliupenda? Hakujua. Walisema "asante fundi." Walisema "kumbe bado nzima." Akishageuka hawakusema kitu kingine, na yeye alijikataza kuuliza.

Ndipo Mama Primus, mke wa Mzee Filemon, alipomwita kwa mkono kutoka kwenye ua wake.

"Baba Daniel, pita upesi. Mzee yuko kikaoni. Nina namba moja."

Ebenezeri alisimama nje ya ua ule. Miaka minne alikuwa akipita upande wa pili wa njia. "Kwako siingii, Mama Primus."

"Huingii kwake. Unaingia kwenye redio."

Akaingia. Alipoifungua ile redio alitamani isingekuwa hivyo: mota ilikuwa imeungua kabisa, nyeusi kama masizi. Kwenye begi hakuwa na mota ya namna ile. Marangu nzima alijua ipo moja tu, kwa sababu redio ile na nyingine ya kampuni hiyohiyo zilinunuliwa mwaka mmoja, duka moja, kahawa ilipokuwa bado inalipa. Ile nyingine ilikuwa kwake. Ya kaseti mbili, kila upande na mota yake, juu ya kabati la Aikaeli.

Alitembea hadi nyumbani, mwendo wa muda wa kuvuna kikapu cha maharage. Nyumba ilinuka ukimya. Kitambaa kilichofunika redio, cheupe chenye maua mekundu, Aikaeli alikifuma mwenyewe kwa kipindi cha Kwaresima moja. Ebenezeri hakuwa amekigusa tangu msiba.

"Mama Daniel," alisema, "utaniwia radhi. Nachukua upande mmoja. Na ukijua nakwenda kuuweka kwa nani, utacheka au utanipiga."

Alisubiri kidogo, kama mtu anayesubiri kujibiwa. Kisha akakikunja kitambaa mara nne, akakitia mfukoni, akafungua.

Mzee Filemon alirudi kutoka kikaoni akamkuta Ebenezeri amepiga magoti sebuleni kwake, anakaza skrubu ya mwisho.

"Nani amekuita humu?"

"Redio."

"Baba Daniel, miaka minne hujanisalimia."

"Na leo sijakusalimia. Bonyeza hapo."

Filemon, mtu mnene aliyezoea kutii vikao tu, alijikuta amebonyeza. Mota ikazunguka. Halafu sauti ya binti ikakosea, ikasita, ikasema kwa unyenyekevu kabisa, *"Samahani, Mungu, naanza tena,"* na gita likaanza upya. Mama Primus aliziba mdomo kwa kanga. Filemon alitaka kukunja uso, uso ukakataa. Akakaa. Wimbo ukapita wote, ukungu, maharage, mama anayepepeta.

"Hii mota," alisema hatimaye, bila kumtazama fundi, "umeipata wapi?"

"Kwa Mama Daniel."

Filemon aliipunguza sauti ya redio. "Siku ile ya gari, Baba Daniel..."

"Habari ya gari ina siku yake," alisema Ebenezeri, akikusanya bisibisi. "Leo nilikuja kwa ajili ya redio."

* * *

Jumapili ibada iliisha, mnada ukaanza. Ebenezeri hakuwa ameingia kanisani. Alisimama langoni, mguu mmoja ndani ya uwanja, mwingine barabarani, kama mtu anayepima maji ya mfereji. Mzee Filemon alikuwa na kipaza sauti. Ikanadiwa mikungu, ikanadiwa asali, akanadiwa beberu aliyekula ua la mchungaji akiwa mnadani. Kindness alikaa kwenye ngazi, uso umebabuliwa na jua la mlimani, gita mapajani. Watu walimpita wakamsalimia. "Habari za mlimani? Ng'ombe wa bibi hajambo?" Ebenezeri aliyasikia hayo, akahisi raba ya moyo wake inakatika.

Mwishowe Filemon akalichukua gita, akaliinua juu.

"Gita! Nyuzi sita, zote zipo. Nani anaanza?"

"Mnadi!" Sauti ilitoka langoni. Vichwa vyote vikageuka. "Kitu hakinunuliwi bila kujaribiwa! Mimi sijawahi kuuza redio bila kuiwasha. Au ndivyo viongozi wetu mlivyozoea, kununua vitu vibovu kwa fedha ya umma?"

Watu wakacheka. "Kaanza huyo!" mtu akasema.

Filemon alimtazama Ebenezeri kwa muda. Wazee wenzake pale mezani wakatikisa vichwa kukataa. Yeye akateremka, akamrudishia Kindness gita.

"Lijaribu, binti. Kidogo tu, wasikie kama ni zima."

Kindness alipitisha vidole kwenye nyuzi. Akaimba mstari wa kwanza, polepole, pumzi nyingi kuliko sauti. Uwanja ulikuwa kimya. Akaimba wa pili. Kimya. Ebenezeri alifumba macho.

Mstari wa tatu ulipoisha, pale penye nafasi kabla ya kiitikio, Mzee Isack alinyanyua kidevu, akalia kwa sauti nzito:

"Mooooo!"

Hakuwa anatania. Kwake yeye wimbo ule una ng'ombe pale, na asingeweza kuuacha upite mtupu. Mara mama mmoja upande wa pili akakohoa mara mbili, kwa mpangilio, pale pale namba ishirini na mbili inapokohoa. Yuditha, aliyekuwa ameinyakua kanda yake mikononi mwa fundi siku tatu kabla, akaanza kupiga vidole vyake kwenye sinia la bati, tiki tiki tiki, mvua ya kumi na saba, na akina mama walioketi naye wakamfuata kwenye masufuria yao ya maharage. Na kiitikio kilipofika, kilikuja kutoka kila upande, wanaume, wanawake, watoto, wote kwa mwendo uleule wa usingizini, bila hata mmoja kukimbia:

*Taratibu, ukungu, taratibu...*

Kindness aliacha kuimba. Mdomo ulikuwa wazi, machozi yanateremka yenyewe, mikono imesimama juu ya nyuzi. Wimbo haukusimama. Watu waliuchukua, wakaupeleka hadi mwisho, beti zote, na walipomaliza kukawa na kimya cha sekunde moja. Katika kimya kile, kwenye kipaza sauti alichosahau kukizima, Mzee Filemon alisikika akinong'ona:

"Samahani, Mungu, naanza tena."

Uwanja ukalipuka. Vigelegele vilipanda hadi kwenye kahawa za jirani. "Namba moja hiyo! Kumbe na mzee anasikiliza!" Na watu wakaimba tena kuanzia mwanzo, safari hii na Kindness mwenyewe, amesimama, anacheka na kulia, na ng'ombe wa Mzee Isack akilia mahali pake bila kuchelewa.

Kisha mnada. Yuditha alinunua gita, akapaaza sauti, "Nalirudisha!" Mzee Isack akanunua, "Nalirudisha!" Namba ishirini na mbili akanunua akikohoa, akalirudisha. Likazunguka mara kumi, mara kumi na tano, hadi likampita yule jogoo wa zamani aliyeuzwa mara saba, na Filemon sauti ikamkauka.

Ndipo Ebenezeri akauingiza mguu wa pili. Alivuka uwanja, akaweka mezani kila kilichokuwa mfukoni mwake bila kukitazama, kitambaa tu akabaki nacho.

"Nalinunua," alisema, "na namrudishia mwenyewe. Na asikie kila mtu: atakayelirejesha gita hili mnadani, nampandia nyumbani kwake nachomoa raba yangu."

"Limekwenda!" Filemon alipiga meza. Alilikabidhi gita, kisha akaupitisha mkono juu ya mikungu ya ndizi, akamnyooshea Ebenezeri mbele ya kanisa zima. "Baba Daniel, ile habari ya gari. Kesho nitakuja kwako, kaburini, niiseme kwa Mama Daniel mwenyewe. Nilikuwa na ufunguo, nikaona viti ni muhimu."

Ebenezeri aliutazama mkono ule muda mrefu kiasi cha watu kuanza kuguna. Kisha akaupokea.

"Njoo na jembe," alisema. "Pana magugu."

* * *

Jumatatu Holili haikumwona Kindness. Saa za mchana, Filemon akiwa amekwisha kupalilia na kuondoka, binti alifika kwa Ebenezeri na gita mgongoni, na kwenye mfuko wa rambo alikuwa na kanda moja mpya aliyoikuta dukani Majengo, imebaki peke yake chini ya betri.

"Watu kumi na tisa wamenisimamisha njiani, baba," alisema. "Wale waliokosa wanataka. Mmoja anataka yenye mbuzi."

Redio ya Aikaeli ilikuwa mezani, haina kitambaa. Upande mmoja tupu, kama jino lililong'olewa. Upande wa pili ulikuwa mzima, na ulikuwa na kitufe chekundu cha kurekodi.

Kindness alichukua kalamu, akaandika juu ya kanda, mwandiko wake uleule wa taratibu: *41/40*.

"Hesabu gani hiyo?" aliuliza Ebenezeri. "Mimi niliishia la nne, lakini hiyo naona haikubali."

"Itakubali tu, baba."

Alivuta kiti karibu na dirisha. Nje, ukungu ulikuwa unashuka juu ya migomba na juu ya kaburi lililopaliliwa, bila haraka. Ebenezeri aliweka kidole kwenye kitufe chekundu.

"Haya, anza," alisema. "Anza upesi, kabla hawa wakubwa hawajakata umeme."